Usawa Kwenye Daftari, Mfereji na Dirisha la Huduma: Mwongozo kwa Viongozi, Waajiri na Watumishi wa Ndungu

Kata ya Ndungu, iliyoko kwenye tambarare ya mashariki ya Milima ya Upare Kusini, wilayani Same, ni mahali ambapo aina tatu za kazi hukutana katika eneo dogo: kilimo cha mpunga katika skimu ya umwagiliaji ya hekta zipatazo 680, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani; ukataji na uchakataji wa mkonge katika mashamba makubwa; na utumishi wa umma katika shule, kituo cha afya, ofisi ya kata na ofisi za vijiji. Wakazi nao hawana asili moja, kwa kuwa pamoja na Wapare wenyeji wapo Wasambaa, Wamaasai na Wakamba, na wapo wajukuu wa manamba, yaani vibarua walioandikishwa katika mikoa ya mbali enzi za ukoloni na kuletwa kwenye mkonge wakitambuliwa kwa namba. Mwongozo huu unamlenga yeyote mwenye mamlaka ya kuamua nani apate nini mahali hapo, awe mwenyekiti wa skimu, mnyapara, afisa mtendaji wa kijiji au mganga mfawidhi, na vilevile mwananchi anayetaka kujua adai nini, kwa nani na kwa muda gani.

Msimamo wake ni kwamba ubaguzi mwingi hauhitaji mtu mwenye chuki ili uendelee, kwa sababu hukaa ndani ya taratibu ambazo hakuna anayekumbuka ziliwekwa lini wala na nani: jina linaloandikwa daftarini, saa ya kuitisha mkutano, mti unaobandikwa tangazo la kazi, fimbo inayopimia kipande cha kibarua. Kiongozi anayetaka usawa hana budi kuanza kukagua taratibu hizo moja baada ya nyingine kabla ya kuandaa semina yoyote.

Maneno ya kisheria yanayohitajika

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, inatamka kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria na inakataza ubaguzi, wakati kwa upande wa kazi Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inataja misingi ambayo mwajiri haruhusiwi kuitumia kumtenga mtu, ikiwa ni pamoja na kabila, mahali alikotoka, dini, maoni ya kisiasa, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, hali ya VVU na umri. Kifungu hicho hakiishii kwenye mshahara, kwani kinagusa tangazo la kazi, usaili, upangaji wa vyeo, mafunzo, uhamisho, nidhamu na kuachishwa kazi. Kinamtaka pia mwajiri kusajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa, takwa ambalo waajiri wengi wadogo hawajawahi hata kulisikia.

Ubaguzi wa moja kwa moja ni ule unaotamkwa, kama vile tangazo linalosema “anahitajika karani, awe mwanamume”. Ubaguzi usio wa moja kwa moja ni sharti linaloonekana halimlengi mtu yeyote, lakini likitekelezwa hulitupa nje kundi zima: mashine ya kukoboa mpunga inayomtaka karani wake awe na pikipiki na leseni, ilhali kazi yenyewe ni kukaa mezani na kuandika magunia, itakuwa imewaondoa wanawake wengi na karibu kila mwenye ulemavu wa miguu bila kuwataja. Ujumuishi, kwa upande wake, ni hatua ya ziada inayochukuliwa ili mtu aliyeruhusiwa kuingia aweze kweli kuingia, akae, asikike na afanye kazi, kwa sababu mlango uliofunguliwa juu ya ngazi tano bado umefungwa kwa mwenye kiti mwendo.

Daftari la skimu

Katika skimu yoyote ya umwagiliaji daftari ndilo chanzo cha haki nyingine zote, kwa maana jina lililoandikwa humo ndilo linaloitwa mkutanoni, ndilo linalopiga kura ya kuchagua kamati, ndilo linalopangiwa zamu ya maji na ndilo linaloandikiwa mbolea au mafunzo yanapokuja. Kaya nyingi za mpunga huandikishwa kwa jina la mume peke yake, hata pale ambapo kupandikiza, kupalilia, kuamia ndege na kupepeta kunafanywa zaidi na mke na mabinti. Mume akifariki au akiondoka, mjane huanza kuonekana mgeni kwenye jaruba alilolipandikiza kwa miaka yote, na ndugu wa marehemu hufika wakiwa na hoja ya mila.

Kamati ya skimu inashauriwa kuongeza safu moja katika daftari, inayoandika majina ya wenzi wote wawili na la mtu wa tatu anayelima kwa makubaliano ya kukodi, na kueleza bayana kwamba yeyote kati ya wenzi hao anaweza kuhudhuria na kupiga kura ya kaya. Hatua hiyo haileti sheria mpya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inabatilisha desturi yoyote inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki halali ya kumiliki, kutumia au kuifikia ardhi. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Na ikiwa kupika na kulea kunahesabika hivyo, ni vigumu kuona kwa nini kupandikiza mpunga kusihesabike. Pale mgogoro unapofika kijijini, wahusika wakumbuke kwamba baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba na watatu kati yao sharti wawe wanawake, kwa hiyo kikao cha wanaume watupu kinastahili kupingwa kabla hakijaanza kusikiliza shauri.

Baada ya daftari huja zamu ya maji. Maji ya Ndungu hutoka Mto Yongoma unaoshuka kutoka milimani, na yanapopungua hugawanywa kwa saa, kisha saa nyingine huangukia usiku. Ratiba inayompa kila mtu zamu ya usiku kwa usawa wa hesabu inaweza kuonekana ya haki, lakini mjane anayeishi peke yake, mama mwenye mtoto mchanga na mzee asiyeona vizuri hulazimika ama kulipa kijana wa kuwafungulia maji ama kuipoteza zamu. Wapare wa milimani walilijibu tatizo hilo kabla ya kuwapo kwa mhandisi yeyote: ndiva, bwawa dogo la udongo linalokusanya maji ya mfereji usiku kucha ili yafunguliwe asubuhi, liliwaepusha watu na umwagiliaji wa gizani, ingawa ni kweli pia kwamba usimamizi wake ulikuwa mikononi mwa wanaume wa koo chache. Skimu isiyo na bwawa la aina hiyo inaweza kutenga zamu za mchana kwa kaya zilizoorodheshwa na kuridhiwa na mkutano mkuu, ikawapanga wakulima wa mfereji mmoja katika makundi ya jirani wanaokwenda pamoja usiku, na ikahakikisha kwamba mgawa maji halipwi chochote pembeni ili kubadilisha saa.

Siku ya mkutano na siku ya msaragambo

Uchaguzi wa siku ni jambo dogo linalopuuzwa kupita kiasi. Upare Kusini ndiko Kanisa la Waadventista Wasabato lilikoanzia nchini, pale Giti, Mamba, mwaka 1903, na mpaka leo Wasabato ni sehemu kubwa ya jamii za milimani na tambarare, wakiishi bega kwa bega na Walutheri, Wakatoliki na Waislamu. Kwa sababu hiyo mkutano wa kijiji au msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji au kutengeneza barabara, ukipangwa Jumamosi huwaacha Wasabato nje, ukipangwa Ijumaa adhuhuri huwaacha Waislamu, na ukipangwa Jumapili asubuhi huwaacha wengine waliobaki. Utaratibu wa kuwatoza faini wasiohudhuria, ambao katika sehemu nyingi umewekwa kwa nia njema, hapo hugeuka kuwa adhabu ya kuabudu. Njia iliyo rahisi ni kuchagua Jumanne, Jumatano au Alhamisi, na pale isipowezekana kuzungusha siku ili kero isiangukie kundi lilelile kila mara, pamoja na kumruhusu asiyeweza kufika alipie kazi yake kwa siku nyingine badala ya fedha.

Saa nayo ina uzito wake. Mkutano wa saa mbili asubuhi humkuta mama mtoni, jikoni au kitaluni, na ule wa saa kumi na mbili jioni humfanya arudi gizani. Mikutano ya saa nane hadi saa kumi alasiri, isiyoangukia siku ya gulio, imeonekana kuwafaa wengi. Mikutano mikuu ya kijiji inapaswa kufanyika walau kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo kalenda ya mwaka mzima inaweza kubandikwa mapema na kusomwa misikitini na makanisani.

Wapo wazee watakaosema kwamba mwanamke kusimama hadharani si desturi ya Kipare. Kauli hiyo inasahau kwamba katika upinzani dhidi ya kodi ya mbiru, miaka ya 1940, wanawake wa Upare walitoka waziwazi kuwakabili watawala wa kikoloni, na inasahau yaliyotokea juzi tu katika jimbo hilihili la Same Mashariki, ambako Anne Kilango Malecela alichaguliwa mbunge mwaka 2005 na 2010, akashindwa mwaka 2015 na mwanamke mwenzake, Naghenjwa Kaboyoka, kisha akarudi mwaka 2020. Jimbo linaloweza kuchagua kati ya wanawake wawili haliwezi kukosa katibu mwanamke wa kamati ya mfereji.

Kuajiri na kulipa

Ajira nyingi za Ndungu hazipiti kwenye gazeti. Mnyapara huambiwa “tafuta watu kumi”, naye huwaita anaowajua, ambao kwa kawaida ni wa ukoo wake, wa dini yake au wa kijiwe chake. Mwajiri anayetaka kurekebisha hali hiyo abandike nafasi mahali pasipopungua patatu ambapo watu tofauti hupita, kwa mfano ofisi ya kijiji, kituo cha afya na sokoni, aandike kwa Kiswahili chepesi kazi yenyewe ni ipi na malipo ni kiasi gani, na awape wasaili karatasi moja ya maswali yanayofanana kwa kila mwombaji. Maswali kuhusu mimba, mpango wa kuolewa na idadi ya watoto hayana nafasi katika usaili, na kumlazimisha mwombaji kupima VVU ni kosa chini ya Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008.

Katika malipo, kanuni inayotakiwa ni ujira sawa kwa kazi ya thamani sawa, maana yake kazi mbili zisizofanana kwa sura hulinganishwa kwa ustadi, nguvu, uwajibikaji na mazingira yake. Tanzania iliridhia mikataba ya Shirika la Kazi Duniani inayohusu jambo hilo, namba 100 na namba 111, mwaka 2002. Kwenye mpunga, mwendesha pawatila ambaye kwa kawaida ni kijana wa kiume huhesabiwa kuwa fundi, ilhali mpandikizaji ambaye kwa kawaida ni mwanamke huhesabiwa kuwa kibarua tu, ingawa kupandikiza kwa mstari, mgongo ukiwa umeinama ndani ya maji tangu asubuhi, ni ustadi unaoamua mavuno. Si lazima wawili hao walipwe kiasi kilekile, lakini mwajiri aweze kuieleza tofauti hiyo kwa sababu zinazopimika, na akishindwa ajue kwamba inatokana na mazoea.

Kwenye mkonge na kwenye palizi, ambako malipo ni kwa kipande, chanzo cha upendeleo ni kipimo. Mnyapara anayepima kwa hatua zake mwenyewe anaweza kumpa rafiki kipande kifupi karibu na barabara na kumpa aliyemkatalia jambo kipande kirefu chenye miiba na nyasi. Kamba moja iliyopimwa na kutiwa alama, ikitumika kwa kila mtu mbele ya kila mtu, pamoja na kuzungusha maeneo na kuwabadilisha wapimaji, huondoa sehemu kubwa ya malalamiko ambayo hakuna semina ingeyaondoa. Chama cha wafanyakazi wa mashambani, TPAWU, kinaweza kuombwa kushuhudia upimaji pale ambapo kina wanachama.

Mwanamke aliyeajiriwa ana haki ya likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi anastahili muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Baba naye ana siku tatu. Saa hizo mbili hazina maana ikiwa mtoto yuko kijijini na mama yuko ndani ya shamba kilomita kadhaa mbali, kwa hiyo kivuli cha kudumu chenye mkeka, maji safi na mlezi anayelipwa kwa zamu ni gharama ndogo kuliko kumpoteza mkataji mzoefu.

Watu wenye ulemavu

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba walau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu wenye sifa. Kwa hesabu ya kawaida, mtu mmoja kati ya wafanyakazi 33 hutimiza kiwango hicho, jambo linaloonyesha jinsi kilivyo cha chini na jinsi ilivyo aibu kukikosa. Sheria hiyo inadai pia marekebisho yanayofaa, yaani mabadiliko ya kifaa, mahali au utaratibu yanayomwezesha mtu kufanya kazi bila kumletea mwajiri mzigo usiobebeka. Mtu mwenye ualbino apewe kazi ya ghalani, ya mizani au ya asubuhi na mapema badala ya kukata mkonge saa sita mchana, pamoja na kofia pana na nguo za mikono mirefu; kiziwi kwenye korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge, awekewe taa ya tahadhari pale ambapo wengine hutegemea filimbi; na daraja la mbao juu ya mfereji liwe na upana wa kupitisha kiti mwendo na kingo za kuzuia gurudumu. Kabla ya kuamua chochote, mhusika mwenyewe aulizwe, kwa sababu yeye hujua anachohitaji, na mara nyingi huhitaji kidogo kuliko mwajiri anavyodhani.

Dirisha la huduma

Kwa mtumishi wa umma, usawa hupimwa kwa njia anayopitia mwananchi tangu getini hadi anapoondoka. Katika kituo cha afya, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wanastahili matibabu bila malipo kwa mujibu wa sera, na dirisha lao lisiwe kibao tu kilichotundikwa juu ya foleni ileile. Mama wa Kimaasai anayekuja kutoka malisho ya upande wa Mkomazi na kujieleza kwa Kiswahili cha kubabaisha anahitaji mkalimani mtu mzima anayeaminika, kwa maana mtoto wake wa kiume hawezi kutafsiri habari za uzazi wake. Kituo kinaweza kuweka orodha ya wakalimani wa Kimaasai na wa lugha ya alama, pamoja na namba zao za simu. Wanaochukua dawa za kufubaza VVU wasitengewe mlango au siku inayowatambulisha kwa kila apitaye.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, mikopo iliyositishwa mwaka 2023 ili kurekebisha utaratibu na kurejeshwa mwaka 2024. Kikwazo kikubwa kwa wakazi wa mbali na mji wa Same ni habari na fomu, hivyo afisa maendeleo ya jamii wa kata anapaswa kusoma tangazo katika mkutano mkuu wa kijiji, kuwasaidia wasiojua kusoma kuandika katiba ya kikundi, na kubandika majina ya waliopata na ya waliokosa pamoja na sababu za kukosa. Orodha ya waliokosa ndiyo inayofundisha zaidi.

Unyanyasaji na malalamiko

Anayegawa kipande, zamu, cheti au mkopo ana nguvu ya kudai mwili wa anayeomba. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaita kitendo hicho kosa la rushwa ya ngono katika kifungu cha 25, na taarifa zake hupelekwa TAKUKURU, ambao hupokea simu za bure kwa namba 113, au kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi. Kila taasisi iwe na wapokeaji wawili wa malalamiko, mwanamke na mwanamume, wasio wakuu wa kazi wa mlalamikaji, na mlalamikaji asihamishwe kama njia ya kumaliza kesi. Akihamishwa mtu, awe mtuhumiwa.

Mfanyakazi aliyebaguliwa aanze kwa kuandika tarehe, maneno yaliyosemwa na majina ya waliokuwapo, siku ileile, hata kama ni nyuma ya daftari la mtoto. Shauri likishindikana mahali pa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa kujaza fomu namba moja ya tume, ndani ya siku 30 ikiwa ni kuachishwa kazi na ndani ya siku 60 kwa migogoro mingine. Mbele ya tume, mfanyakazi akishaonyesha dalili za awali za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha kwamba haukuwapo huhamia kwa mwajiri, na ndiyo sababu karatasi za usaili, daftari la vipande na muhtasari wa vikao vinapaswa kutunzwa. Anayechelewa kupita siku hizo hazuiliwi kabisa, ila hulazimika kwanza kuomba kwa maandishi aongezewe muda na kueleza sababu ya kila siku aliyochelewa. Kwa mtu wa Ndungu anayehitaji nauli na siku nzima ya safari kuzifikia ofisi za mjini, ni heri kuijaza fomu hiyo katika wiki ya kwanza, akisaidiwa na msaidizi wa kisheria anayetambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambaye hatakiwi kumtoza mteja ada.